Deni la Mwenye Kuuliza

Kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia, hujiwa na wanafunzi wanaotafuta mada. Huja mmoja mmoja, na hodi yao huwa ya unyenyekevu kama ya mtu aliyekuja kuazima chombo kwa jirani. Wengi wao ni wa taaluma ya vyombo vya habari, wala si ajabu, maana vyombo hivyo leo vimo katika kila kiganja. Hukaribishwa kiti, huulizwa hali za nyumbani, kisha hutoa lile lile lililowaleta: "Mwalimu, mada gani ni nzuri?"

Swali hili hudhaniwa kuwa dogo. Vitabu vya mbinu za utafiti hulipa kurasa chache mwanzoni na kukimbilia mambo ya hesabu. Husema ya kuwa mada iwe nyembamba, iwe mpya, na iwezekane kwa muda na fedha zilizopo. Ushauri huo ni wa kweli, nami huutoa. Lakini waacha nje jambo moja ambalo ni la haki na dhuluma kuliko la mbinu. Mwenye kuchagua mada amechagua pia watu atakaowaendea, saa za maisha yao atakazozichukua, na siri zao atakazoondoka nazo. Mkulima akichagua shamba baya, njaa ni yake na watoto wake. Mwanafunzi akichagua swali baya, hasara yake huwagawia watu ambao hawakuwapo alipokuwa akichagua. Basi nauliza: je, mtu ana haki ya kuuliza lolote analotamani kujua? Na kama hana, haki hiyo huipata wapi?

Msomaji aniwie radhi nikianza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi nilichagua kuchunguza usikilizaji wa redio katika kijiji kimoja cha wavuvi kusini ya Dar es Salaam. Nilikichagua kwa sababu mbili ambazo sikuziandika katika pendekezo langu: basi lilifika huko, na shemeji yangu alikuwa na chumba cha kunilaza. Nilichukua karatasi 80 za maswali. Swali la tatu liliuliza, "Je, unayo redio?" na mbele yake palikuwa na visanduku viwili, cha ndiyo na cha hapana. Bibi mmoja aliyekuwa barazani pake akisuka ukili alinijibu ya kuwa anayo. Nikatia alama. Nilipokuwa nikifunika kalamu akaongeza ya kuwa redio yenyewe haijasema neno tangu Ramadhani, maana betri zimekwisha, na alipozianika juani zilitoa sauti siku mbili tu kisha zikanyamaza tena. Nikamshukuru. Alama ya ndiyo sikuifuta, kwa kuwa karatasi yangu haikuwa na kisanduku cha redio iliyonyamaza. Akaniuliza, "Na mkishaandika, mwanangu, mnatuletea nini?" Nikamjibu maneno mengi ya maendeleo ya taifa. Kazi yangu ilifaulu vizuri. Kijijini sikurudi.

Mwaka jana alinijia binti mmoja mwenye akili nyepesi na mwandiko mzuri. Mada yake ilikuwa tayari: Athari za Mitandao ya Kijamii katika Kuporomosha Maadili ya Vijana wa Dar es Salaam. Nimekwisha kuiona mada hiyo, ikiwa na majina ya miji tofauti, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nikamwuliza, "Ukienda ukakuta ya kuwa maadili hayakuporomoka, au yameporomoka kwa sababu nyingine, utafurahi au utahuzunika?" Akafikiri kidogo, kisha akanijibu kwa unyofu ambao wakubwa wake wengi hawanao: "Mwalimu, nitakuwa nimefeli."

Hapa ndipo ubaya wa kwanza ulipo. Swali ambalo jibu lake limo ndani ya kichwa cha habari si swali. Ni hukumu inayotafuta mashahidi. Mwenye kwenda na hukumu huwatumia watu kama mihuri. Atawasikiliza wanaomwunga mkono, na wengine atawaandika kuwa hawakuelewa alichoulizwa. Si lazima awe mwongo. Mimi sikuwa mwongo pale barazani. Nilikuwa na visanduku viwili tu.

Nilimpa binti yule mfano mzito, na huenda ulikuwa mzito kupita kiasi kwa asubuhi ya Jumatatu. Nchini Rwanda redio iitwayo RTLM ilianza kutangaza Julai 1993, na katika mauaji ya mwaka 1994 ilichochea watu wa kabila moja wauawe, hata ikawataja baadhi yao kwa majina. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, walioiasisi, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo vyao, lakini haikuwaacha huru. Nahimana alikuwa mwanahistoria na mwalimu wa chuo kikuu, jambo ambalo sisi wa vyuoni hupenda kulipita upesi.

Baada ya hayo, nani angethubutu kuuliza kama ni redio iliyowafanya watu wale waue? Jibu lilionekana wazi kama jua. Hata hivyo Scott Straus alithubutu. Aliwahoji gerezani wauaji zaidi ya 200 waliokuwa wamekiri na kuhukumiwa, na katika maandishi yake ya mwaka 2007 alieleza ya kuwa wengi hawakusema waliondoka nyumbani kwa sababu ya redio. Walisema waliitwa na watu waliowajua, ana kwa ana, viongozi wa mitaa na majirani. Hakusema redio haina hatia. Alisema hatia yake si ile tuliyoizoea. Mwaka 2014 David Yanagizawa-Drott akaja na njia nyingine: kwa kuwa milima ya Rwanda huzuia mawimbi, kulikuwa na vijiji vilivyoisikia RTLM na vingine jirani visivyoisikia. Akilinganisha vijiji hivyo, alikadiria ya kuwa matangazo yalisababisha takriban sehemu moja ya kumi ya ushiriki katika mauaji yale. Sehemu moja ya kumi ni makumi ya maelfu ya wauaji, wala hakuna mwenye moyo awezaye kuiita ndogo. Lakini mtu aliyeridhika na jibu la awali asingeuliza habari za sehemu tisa zilizobaki, na wale walioita majirani zao kwa midomo mitupu wangejificha nyuma ya mlingoti wa redio.

Binti akanyamaza. Kisha, kama mtu anayetaka kubadili mazungumzo, akaanza kunihadithia habari za mama yake. Mama huyo ni mama lishe, naye yumo katika kikoba cha wanawake wauza chakula ambao huwasiliana kwa kundi la WhatsApp. Wengi wao hawapendi kuandika. Husema, na sauti zao huenda kwa wenzao. Mwaka 2020, wakati wa korona, ililetwa katika kundi sauti ya mwanamke asiyejulikana aliyeeleza namna ya kujifukiza na majani ya kutia. Mama aliisikiliza mara tatu, akaifuata. Gazeti la juma lile lilikuwapo mezani, alifungia vitumbua. Binti alipomwuliza kwa nini asilisome gazeti, mama alimjibu, "Sauti ina mtu ndani yake. Gazeti lina nani?"

Nikamwambia, "Mbona hilo umelificha?" Akashangaa. "Lakini hiyo si mada, Mwalimu. Huyo ni mama tu."

Nadhani neno lile "tu" ni msiba wa vyuo vyetu. Mwanafunzi huja na mambo aliyoyaona kwa macho yake, ambayo hakuna profesa aliyeyaona, naye huyaacha mlangoni pamoja na viatu. Ndani huingia na mada ya watu wengine. Ili kumtia moyo nilimsimulia kisa cha mtu ambaye jina lake hufundishwa mwaka wa kwanza, Paul Lazarsfeld, aliyewachunguza wapiga kura wa Erie County, Ohio, mwaka 1940, akitazamia kuona redio na magazeti yakigeuza kura zao, akakuta yamegeuza chache sana. Nilipenda ajue ya kuwa Lazarsfeld naye aliwahi kuchagua mada vibaya.

Alipokuwa bado Vienna, kabla ya kuhamia Marekani, Lazarsfeld alitaka kuchunguza namna wafanyakazi wanavyotumia saa zao za mapumziko. Akamweleza Otto Bauer, kiongozi wa wasoshalisti wa Austria. Bauer alimkemea: wakati watu kwa maelfu hawana kazi, wewe wataka kuchunguza mapumziko? Akamwelekeza kwenye jambo la kukosa kazi lenyewe. Basi Lazarsfeld, Marie Jahoda, Hans Zeisel na wenzao wakaenda Marienthal, kijiji kilicho karibu na Vienna, ambacho karibu kila nyumba yake ilitegemea kiwanda kimoja cha nguo, na kiwanda hicho kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya mdororo ulioanza mwaka 1929. Kitabu chao kilitoka mwaka 1933.

Ajabu ni ya kuwa huko walilikuta lile swali la kwanza, ila lilikuwa limepindwa na maisha. Watu walikuwa na wakati wote duniani. Maktaba ya wafanyakazi ilikuwa imeondoa ada ya kuazima vitabu. Hata hivyo vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu kwa nusu kati ya 1929 na 1931. Gazeti la chama lilishushwa bei kwa wasio na kazi, na bado waliolichukua walipungua kwa zaidi ya nusu. Watafiti walisimama dirishani na saa, wakapima mwendo wa watu barabarani: wanaume walikwenda polepole na kusimama kila mara, wanawake walikwenda upesi, maana kazi ya jikoni haikufungwa pamoja na kiwanda. Mtu aliyedhani kuwa kusoma hutegemea nafasi na bei angejifunza hapo ya kuwa hutegemea pia kama mtu ana sababu ya kutaka kujua yatakayotokea kesho. Kwa mtaala wetu wa vyombo vya habari naona kurasa zile chache zina uzito kuliko vitabu vingi vinene.

Walijiwekea sharti moja pia. Walikubaliana ya kuwa hakuna hata mmoja wao atakayekaa Marienthal kama mtazamaji mtupu. Kila mmoja awe na kazi inayowafaa wenyeji. Wakakusanya nguo zipatazo 200 na kuzigawa kwa familia, wakaleta daktari, wakafundisha kukata mishono. Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka bibi wa ukili na swali lake, nikafunga kitabu. Sitaki kuwafanya malaika. Ugawaji wa nguo ulikuwa pia ufunguo wa milango. Mwenye kuja kuuliza vipimo vya koti la mtoto huona kitanda, huona sufuria, huona mume aliyelala mchana. Msaada ule ulikuwa mbinu, na mbinu ile ilikuwa msaada. Wengine watasema ni unafiki. Mimi nasema afadhali nguo yenye daftari ndani yake kuliko daftari tupu, ingawa nakiri ya kuwa aliyelivaa koti hilo huenda angekuwa na maoni mengine.

Binti aliondoka na furaha. Juma lililofuata alirudi na furaha kubwa zaidi, nayo ikanitisha. Alikuwa ametiwa katika kundi lile la mama yake akiwa na umri wa miaka 17, kwa sababu mama alihitaji mtu wa kumsomea hesabu za mikopo. Sauti zote za miaka minne zimo katika simu yake. "Mwalimu," akasema, "data ninayo tayari."

Hapana shaka msomaji ameliona shimo. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chuo kina fomu ya ridhaa. Kwa hayo peke yake jambo lingeweza kukatwa. Lakini sheria hueleza lisilofaa bila ya kueleza kwa nini lauma. Wanawake wale waliposema habari za madeni yao, za waume zao, na za magonjwa yao, walisema mbele ya mtoto wa mwenzao. Hawakusema mbele ya Chuo Kikuu. Masikio yalikuwa yale yale, lakini aliyekuwa nyuma ya masikio amebadilika, naye hakuwaarifu.

Akanijibu, na jibu lake lilikuwa na nguvu: "Nikiwaomba ruhusa hawatasema tena kama wanavyosema. Nitaipata ruhusa na kuupoteza ukweli." Ni kweli. Ujuzi una bei, na mara nyingi bei hiyo ni kutomwambia mtu kitu ambacho angependa kuambiwa. Nilimweleza kisa cha kwetu, ambacho sijapata kukimaliza moyoni mwangu.

Mwezi ule ule wa Julai 1993 ambao RTLM ilianza kule Kigali, Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo uitwao Twende na Wakati. Wenye umri wangu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, aliyeishia kuugua UKIMWI, na mkewe Tunu aliyejifunza kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Mchezo ulikusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya ugonjwa ule. Watafiti, miongoni mwao Everett Rogers na Peter Vaughan, walitaka kujua kwa hakika kama mchezo wa redio hubadili mwenendo wa watu. Ili wajue, ilihitajika sehemu isiyousikia. Sehemu hiyo ilikuwa eneo la mtambo wa Dodoma. Kwa miaka miwili, toka 1993 hata 1995, mtambo huo ulitangaza vipindi vingine katika saa ya mchezo. Kisha Dodoma nayo ikapewa. Matokeo yalikuwa bayana kuliko yanavyopatikana kwa kawaida katika elimu yetu: penye mchezo watu walibadilika zaidi, na Dodoma ilipoanza kuusikia nayo ikafuata.

Watetezi wa utafiti huo wana hoja, nazo si dhaifu. Mwaka 1993 hakuna aliyejua ya kuwa mchezo ungemfaa mtu. Kama ingejulikana, utafiti ungekuwa wa nini? Watu wa Dodoma hawakunyang'anywa kitu walichokuwa nacho, wala redio haikuwa mlango pekee wa habari za ugonjwa ule. Na pasipo Dodoma tusingejua mpaka leo kama ni mchezo uliofanya kazi au ni nyakati tu. Nakubali yote hayo. Lakini kutojua kwa mtafiti ni hoja nzuri siku ya kwanza; je, ni hoja nzuri siku ya mia tano? Miaka ile dawa za kufubaza virusi hazikuwapo kwetu. Kinga ilikuwa ni neno, na hapo neno moja lilizuiliwa. Anayepewa sindano ya majaribio huonyeshwa sindano. Anayenyimwa kipindi cha redio haoni kitu. Huwasha, husikia muziki, huendelea na uji wake.

Mara kwa mara nimejiuliza ningefanya nini kama ningekuwa katika chumba walimoamua. Nadhani ningefanya kama walivyofanya, wala sipendi ya kuwa nadhani hivyo. Kipimo ninachokitumia sasa kwangu na kwa wanafunzi wangu ni kigumu, nacho hakimo katika vitabu vya mbinu: je, waweza kulisema swali lako kwa sauti, kwa lugha yao, mbele ya watu wanaolibeba, na kukaa usikie watakavyosema? Si lazima wakubali kila neno. Lakini swali lisiloweza kusemwa barazani lina kitu limejifunga kiunoni. Kipimo hicho kingeliangusha swali la Dodoma kabla halijaulizwa, maana kusema kwake ni kuliharibu, na hasara hiyo ya elimu ni ya kweli. Sina njia ya kuifuta. Naichagua tu.

Binti hakunipa jibu siku ile. Aliondoka akiwa amekasirika kidogo, na adabu yake haikuweza kuificha hasira. Alirudi baada ya majuma matatu. Jumamosi moja alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa kikoba, akangoja hesabu zimalizike, akasimama na kuwaambia anachotaka kukijua: kwa nini sauti huaminiwa kuliko maandishi, na nani huthubutu kuipinga sauti ikishaaminiwa. Wawili walikataa papo hapo. Mmoja alimwuliza kama mambo ya mumewe yatasomwa na Wazungu. Mwingine, mzee wao, alisema atakubali kwa sharti ya kuwa binti amtafutie aliyeitoa ile sauti ya kujifukiza, kwa sababu ana neno naye. Mama yake hakusema kitu mpaka walipofika nyumbani; hapo alimwambia, "Leo umeniuliza kama mtu."

Sauti za miaka minne hakuzitumia. Alianza upya, na wanawake kumi na mmoja, akirekodi yale tu waliyompa. Hakika wanasema kwa uangalifu zaidi kuliko zamani, na sehemu moja ya tasnifu yake inashughulika na uangalifu huo. Mwenzangu mmoja katika jopo alisema watu kumi na mmoja ni wachache mno. Inawezekana. Mimi nilitia sahihi.

Jioni ile nilishusha kutoka juu ya kabati bahasha ya karatasi zangu za ujana. Zote 80 zimo, na 41 zina alama ya ndiyo katika swali la tatu. Ya bibi yule niliitambua kwa doa la zambarau pembeni, rangi ya miyaa iliyotoka vidoleni mwake aliponipokelea karatasi ili aitazame. Nikachukua kalamu ya risasi, nikaandika kando ya alama yangu: haina betri.